Fonti ya kadi ya harusi: andika Ng'ambo kwanza ndo ulipe

Jamani watu wa Tabora mnanijazia WhatsApp picha za kadi na malalamiko ni yaleyale, mwandiko umekolea madoido, dhahabu inawaka, halafu ukumbi uko mtaa wa Ng'ambo, kadi inasoma Ng-kiboksi-ambo, kiboksi kitupu pale penye alama. Mwingine ukoo wake unaanza na Ng'wa, jina limetoka na pengo katikati utadhani bwana harusi ni watu wawili, mama yake ananiuliza mwanangu tununue fonti gani sasa.

Habari za "inapendeza" sitawaambia, macho mnayo. Mimi naangalia kitu kimoja tu, ile alama ya juu kwenye ng'. Fonti za mwandiko, zile za kuiga maandishi ya mkono, zinachorwa herufi zishikane, mkia wa g unamkimbilia jirani, ukichomeka alama pale katikati mkia unabaki unaning'inia. Waingereza alama hiyo wanaiweka sana huko mwisho wa neno, sisi tunaichomeka palepale mwanzoni, kwa hiyo sampuli ya muuzaji haikuonyeshi kasoro, andika Ng'ambo mwenyewe kwenye kisanduku cha kujaribia. Vile videmo, fonti za kuonjesha za bure, ndo balaa, vingi havina alama wala namba, na kadi ya mchango bila namba hiyo singo na dabo utaziandikaje?

Sasa fonti zenyewe. Ya kwanza, na mapenzi yangu sifichi, ni Snell Roundhand. Aliichora Matthew Carter miaka ya 1960 akifuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa kuandika wa Uingereza karne ya 17. Herufi zinashikana kwelikweli, na ina unene wa aina 3, ule mzito kabisa weka kwenye bango la send-off hata aliyekaa meza ya nyuma atasoma. Wenye Mac mnayo tayari, msinunue tena. Wa Windows ndo mnalipa, tena kwa dola, na kila unene una bei yake, hapo huwa nanuna.

Ya pili Bickham Script Pro ya Adobe, kazi ya Richard Lipton. Kwa madoido haina mpinzani, herufi moja ina maumbo kibao, ila programu yako isipojua kuyabadilisha hayo maumbo umenunua gari la kusukuma.

Ya tatu Edwardian Script, ya Ed Benguiat, 1994, huenda imo kwenye Office yako. Mistari yake ni myembamba mno, ukitoa kopi inapotea. Na alama ya ng' uisogeze mwenyewe: shika g na alama, bana nafasi, kisha ipandishe kidogo ikae juu ya ule mkia.

Zapfino kwenye kadi yenye mistari mingi hapana, mikia inaingia mstari wa chini.

Za bure, Great Vibes na Pinyon Script, Google Fonts, zinatosha kwa kadi ya kawaida. Basi.

Sasa kuna kijana wa stationery anauza flashi ya "fonti za harusi", nimeichomeka, Great Vibes hiyo hapo! Leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kibiashara, kuiuza yenyewe peke yake ndo marufuku. Zilizobaki videmo vitupu, na ukimlalamikia kiboksi anakujibu, dada andika Ngambo tu, wageni watafika. Hela harudishi.