Janti 17, 18 au 19 kwenye Mark X: Uchambuzi kwa Barabara za Lubumbashi

Jambo yenu bandugu, jambo yenu bayaya. Hapa chini kuna seti tatu za janti, yaani rimu za magurudumu, na nyuma kuna Toyota Mark X, ile GRX130, imepanda krik na matairi ya mbele yametolewa. Seti ya kwanza ni inchi 17, upana 8J, yaani inchi 8, ET40 (ET tutaieleza hapo chini). Ya pili ni inchi 18, 8.5J, ET38. Ya tatu ni inchi 19, 9.5J, ET22, mdomo umezama ndani, inang'aa kama sufuria mpya, na kila anayepita hapa anauliza bei ya hiyo. Niseme mapema: ya tatu hatuipendekezi kwa mtu wa Lubumbashi. Kwa nini? Geuzeni janti, msome mgongo wake.

Tuanze na kinachoingia na kisichoingia. Mark X ina bulon tano kwenye duara la milimita 114.3, ndiyo maana imeandikwa 5x114.3. Mwenye BMW ya 335i, ile E90, yake ni 5x120. Mwenye Mercedes ni 5x112. Muuzaji akikwambia 112 na 114.3 zinakaribiana, utalazimisha kidogo tu, mwache. Ukikaza kwa nguvu bulon zinakaa zimepinda, na bulon iliyopinda inakatika siku moja ukiwa njiani.

Tundu la katikati nalo. Habu, yaani kitovu cha gari kinachobeba janti, kwa Toyota hii ni milimita 60.1. Janti nyingi za kubadilisha zina tundu la 73.1 ili ziuzwe kwa magari mengi. Ukiifunga hivyo hivyo inakaa kwa kubahatisha, na ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa usukani unatetemeka hata kama balansi imefanywa vizuri. Watu wanarudi kwa kwado, fundi wa matairi, mara tatu kuongeza risasi za balansi, kumbe tatizo ni pete inayokosekana. Nunueni pete nne, 73.1 nje na 60.1 ndani. Za plastiki zinafanya kazi, ila joto la freni linazilainisha kwa mwenye kukimbiza gari. Za alumini zinavumilia, mpake grisi kidogo sana upande wa habu, maana zinaweza kushikana na kutu zikagoma kutoka.

Sasa ET. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa janti na uso unaogusa habu. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Tuseme janti unayotoa ni 8J ET45; soma mgongo wa yako mwenyewe. Seti ya 18 ya 8.5J ET38 inaongeza upana nusu inchi, yaani milimita 6.35 kila upande, halafu inasogea nje milimita 7. Jumla, ukingo wa nje unatoka milimita 13.35, na ndani unabaki karibu palepale. Hiyo inajaza bodi vizuri bila kugusa amortisa, yaani kifaa cha kupunguza mishtuko.

Fanya hesabu ileile kwa ile ya 19. Upana umeongezeka inchi moja na nusu, nusu yake ni milimita 19.05. ET imeshuka kwa 23. Ukingo wa nje umetoka milimita 42! Sentimita nne na zaidi. Mbele, ukikata kona hadi mwisho, tairi linakula plastiki ya ndani ya bodi. Nyuma, wakikaa watu watatu na mzigo kwenye buti, mdomo wa chuma wa bodi unachana ubavu wa tairi. Halafu kuna jambo ambalo picha haionyeshi: gurudumu likitoka nje kiasi hicho, usukani unaanza kufuata mifereji ya barabara. Mnaijua njia ya Kasumbalesa, malori ya shaba yamechimba njia mbili kwenye lami. Gari yenye ET ndogo na tairi pana inavutwa huku na huku ndani ya mifereji hiyo, na dereva anachoka kabla ya kufika mpakani. Ruleman (beringi) za habu nazo zinabeba uzito kwa mkono mrefu zaidi, zinakufa mapema.

Tukija kwenye tairi, pimeni ubavu. Kiwandani GRX130 ilitoka na 215/60R16 au 235/45R18 (upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia ya upana, kisha inchi za janti), na kipenyo chake ni karibu milimita 664 na 669. Kwenye janti ya 17 weka 235/50R17: kipenyo 667, ubavu wa milimita 117. Kwenye 18 weka 235/45R18: ubavu 106. Kwenye 19 watu wanaweka 245/35R19: kipenyo kinashuka hadi 654 na ubavu ni 86 tu. Kuanzia Novemba mvua inapoanza, mashimo yanajaa maji na huoni kina. Milimita 31 za mpira kati ya ya kwanza na ya tatu ndizo zinazoamua kama utasikia mshtuko tu, au utashuka kwenye matope kuangalia mdomo wa janti uliokunjika.

Na uangalie namba ya mzigo. 235/45R18 ya kawaida huandikwa 94, yaani kilo 670 kwa tairi; ile ya XL, iliyoimarishwa, huandikwa 98, kilo 750. Chukua XL. Usisahau umri: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba zinakuja zimepakwa dawa ya kung'arisha, lakini tarakimu hazing'arishwi.

Uzito. Mizani hii inasoma kilo 10.9 kwa ile ya 17, ambayo ni ya kumiminwa kawaida. Ya 18 ni kilo 9.4, na imetengenezwa kwa kumiminwa kisha pipa lake likavingirishwa likiwa la moto ili liwe jembamba na gumu. Ya 19 ni kilo 13.2. Uzito huo haubebwi na springi, kwa hiyo kila shimo linapiga amortisa na viungo vya chini kwa nguvu zaidi, na freni zina kazi zaidi ya kusimamisha kinachozunguka. Za kufuliwa, yaani zilizopondwa kwa nguvu badala ya kumiminwa, ndizo nyepesi na imara kuliko zote, lakini sokoni hapa nyingi zinazoitwa hivyo ni nakala. Tafuta muhuri wa JWL na VIA, ni viwango vya Japani, pamoja na namba ya kilo ambazo janti inabeba, mara nyingi 690. Muhuri peke yake unaweza kughushiwa. Janti isiyo na namba ya mzigo kabisa, iache.

Kama ni za mitumba, zilizopita Dar es Salaam na Zambia ndani ya kontena, kagua upande wa ndani, huko ndiko zinakopinda. Izungushe kwenye mashine na uweke kidole karibu na mdomo bila kugusa. Ikicheza zaidi ya milimita moja hivi, mrudishie mwenyewe. Angalia pia mgongo wa miguu ya janti: mstari mwembamba mweusi ni ufa, na alama ya kulehemu ni ufa uliofichwa.

Kufunga. Kabla ya kuvalisha tairi, pachika janti tupu mbele, kaza ekru mbili, zungusha kwa mkono. Inchi 17 inakaa sawa kwenye 250G (injini ya lita 2.5), lakini mwenye 350S (lita 3.5) ana freni kubwa zaidi, ajaribu kwanza kabla ya kulipa. Iacheni nafasi ya milimita 3 angalau kati ya janti na kalipa ya freni. Kisha mpelekee kwado mwenye mashine inayoshika janti kutoka ndani. Vyuma vya mkono vinafaa kwa tairi la lori. Hapa vitachubua rangi na kukata ukingo wa tairi. Sabuni ya kuteleza, valvu mpya, na risasi za kubandika upande wa ndani.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Vumbi jekundu na kutu vikibaki hapo, janti inakaa upande. Halafu ekru: janti za kubadilisha nyingi zinataka ekru ya koni ya digrii 60, uzi M12x1.5. Baadhi ya janti za alumini za Toyota zinatumia ekru yenye shingo na washa bapa. Hiyo bapa kwenye kiti cha koni haishiki, itajilegeza. Ekru iingie kwa mkono angalau mizunguko minane. Ikishindwa, umeweka spesa (bamba la kusogeza gurudumu nje) nene mno.

Kaza kwa mfano wa nyota, nusu nguvu gari ikiwa juu, kisha shusha na malizia kwa ufunguo wa kupima hadi Nm 103. Mashine ya hewa ya garaji ikikaza hadi mwisho, inavuta bulon na huwezi kujua imefika wapi. Baada ya kilomita 80 hadi 100, pima tena, kwa sababu rangi mpya kwenye viti vya ekru inajibana na mkazo unapungua.

Jaribu mguso hivi: weka watu wanne ndani, panda gurudumu moja la nyuma kwenye ukingo wa barabara, kata usukani hadi mwisho pande zote. Ukisikia mkwaruzo tafuta alama kwenye plastiki sasa, usingoje tairi ipasuke. Upepo ufuate kibandiko cha mlango, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi.

Kwa anayekwenda Kolwezi au Kasumbalesa kila wiki, chukua 17. Anayezunguka mjini, Golf hadi Bel-Air, 18 hii ya kilo 9.4 ndiyo tungeifunga. Jambo moja la mwisho: ekru mpya uzijaribu kwenye gurudumu la spea ukiwa bado nyumbani. Zikikataa, hifadhi tano za zamani ndani ya buti, pamoja na ufunguo wake.