Neti ya kulala porini: ipi ubebe, ipi uache dukani

Watu wakitafuta neti ya safari wanakimbilia gramu, mi nasema uliza kwanza unalala wapi. Ukishapita mita 2,500 kule Kilimanjaro au Mlima Kenya usiku shida ni baridi, mbu wala humsikii, neti acha nyumbani. Kazi iko huku chini, Udzungwa, Natron, Baringo, pwani yote, na huko hakuna mbu tu, kuna usubi, kuna siafu, kuna nge anajificha kwenye buti lako.

Namba moja kwangu ni neti yenye sakafu. Kama una hema la tabaka mbili cheki kama la ndani linasimama lenyewe, kiangazi unalifunga hilo tu na la mvua unaliweka karibu kichwani likisubiri wingu. Huna hema, tafuta bivi ya neti ya mtu mmoja, yaani kifuko cha neti chenye sakafu unachoingia kulala, nyingi hazifiki nusu kilo. Kinachonifanya niiweke juu ni sakafu tu basi, maana siafu wakiamua kupita ulipolala hawaulizi, na neti isiyo na chini wanaingia kama kwao.

Ya pili ni neti ya piramidi, ile inaning'inia kwa kamba moja tu. Ndo nyepesi kuliko zote, Nano ya kampuni ya Sea to Summit ya mtu mmoja haifiki gramu 100, inakaa kwenye kiganja. Ila lazima uchomeke pindo chini ya godoro pande zote, na usiku ukigeuka kiwiko kikalala kwenye neti basi mbu anakunywa kutokea nje bila haraka, ndo maana hii nunua yenye dawa (permethrin). Angalia na matundu, kipimo cha kawaida cha 156 kwa inchi mraba kinazuia mbu lakini usubi anapenya, na Baringo usubi ndo wanaoeneza ugonjwa wa leishmania (kala-azar) kwa hiyo sio kuwashwa tu. Matundu madogo zaidi yapo, joto lake sasa, utajua mwenyewe.

Tatu, chandarua cha kawaida chenye dawa. Usicheke, kuna aina inaitwa Olyset inatengenezwa Arusha pale kiwanda cha A to Z, dawa imo ndani ya uzi wenyewe na matundu yake ni makubwa kidogo hivyo hewa inapita vizuri. Ubaya ni nusu kilo na zaidi, alafu inataka kamba nne na porini kona nne za kufungia unazitoa wapi. Mkiwa wawili mnagawana mzigo poa. Zile za kugawiwa bure na serikali usinunue mtaani, sio za kuuza.

Hamoki yenye neti, kile kitanda cha kitambaa unachofunga kati ya miti miwili, naiweka ya nne japo najua kuna watu watanibishia. Msituni ni raha kweli, ila Natron utaifunga kwenye nini? Na mbu anakuuma kutokea chini, mgongo umebana kitambaa na kitambaa chembamba, lazima utandike godoro ndani, uzito umerudi pale pale.

Mwisho neti ya kichwa na dawa ya kupaka. Gramu chache, iwepo kwenye begi kwa ajili ya jioni mkipika, ila kulala nayo bila kofia yenye ukingo inakugusa pua usiku kucha. Ya kupaka chukua yenye DEET, ndo kemikali inayofukuza mbu, asilimia 20 mpaka 30 inatosha, na ukishapaka futa viganja kabla hujashika miwani au saa, inayeyusha plastiki.

Bangili za kufukuza mbu achana nazo kabisa. Koili nje sawa, ndani ya hema hapana, ni moshi na moto karibu na nailoni.

Ukiwa dukani ifungue yote, inua kwenye mwanga upitie mishono, zipu ivute mara kadhaa hasa pale kwenye kona, ikikwama hapo dukani porini usiku na tochi mdomoni itakuwaje.