Madalali wa mizigo Marekani: tathmini ya mwenye lori moja

Mwenye lori moja nchini Marekani, aliyejisajili kwa jina lake na kupewa namba yake ya MC, yaani kibali cha serikali ya shirikisho cha kubeba mizigo kwa malipo, ana njia mbili za kupata mzigo: kumtafuta mwenye bidhaa moja kwa moja, jambo ambalo huweza kuchukua miaka, au kumpigia simu dalali, anayepokea mzigo kwa mwenye bidhaa na kuutafutia lori. Wengi wetu tuliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi na kuingia katika kazi hii tunaishi kwa njia ya pili, na swali la dalali yupi anafaa halikosekani tunapokutana kwenye vituo vya mafuta. Tathmini hii inahusu huduma yao kwa jumla, kama ninavyoiona nikiwa na tela la sanduku la futi 53 katika njia za Texas na majimbo ya kusini-mashariki. Rai yangu naitanguliza: bei anayoitaja dalali kwa simu ni kipimo hafifu cha ubora wake. Dalali hupimwa kwa hati anayoituma baada ya simu, na kwa mwenendo wake katika saa ya tatu ya kusubiri ghalani, wakati hakuna aliyeugusa mzigo.

Kisheria, dalali wa mizigo ni lazima awe na leseni ya FMCSA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi, na aweke dhamana ya dola 75,000. Dhamana hiyo ilikuwa dola 10,000 tu hadi sheria ya mwaka 2012 ilipoipandisha, na kiwango kipya kikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013. Kiasi hicho huonekana kikubwa mpaka siku dalali anapofilisika huku akidaiwa na wasafirishaji wengi. Hapo fedha hugawanywa kwa wadai wote kwa uwiano wa madai yao, na mwenye ankara ya dola 1,800 huweza kuambulia sehemu ndogo tu. Aliyezoea utaratibu wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako ni kawaida mwenye gari kupewa malipo ya awali ya dizeli na posho ya dereva kabla gari halijatoka, atashangaa kukuta kwamba hapa yeye ndiye anayemkopesha dalali: anajaza mafuta kwa fedha zake, anafikisha mzigo, kisha anasubiri siku 30 na pengine zaidi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuulizia bei, mimi huangalia kwenye tovuti ya FMCSA kama leseni na dhamana vingali hai, kisha kwenye bodi ya mizigo, yaani tovuti ambako madalali hutangaza mizigo, iwe DAT au Truckstop, dalali huyo huwalipa watu baada ya siku ngapi. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na ile ya tovuti ya serikali haina malipo.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake si ngumu ila wengi huifanya nusu. Tuseme mzigo wa Dallas kwenda Atlanta unalipa dola 2,000 kwa maili 780. Dalali atakwambia kwamba hiyo ni dola 2.56 kwa maili, na kweli ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Lakini ikiwa umelazimika kuendesha maili 110 ukiwa tupu ili uufikie, maili zako ni 890, na malipo yameshuka hadi dola 2.25. Ukitaka kumjua dalali mkweli, muulize kuhusu Florida. Jimbo hilo hupokea bidhaa nyingi kuliko linazozitoa, hivyo mizigo ya kuingia hulipa vizuri na ya kutoka hulipa kidogo, isipokuwa katika msimu wa mboga na matunda wa majira ya kuchipua. Dalali anayekuhakikishia kwamba mizigo ya kutoka Miami imejaa tele mwezi wa Agosti anataka uondoe mzigo wake, basi. Yule anayekushauri mwenyewe kwamba bei ya kwenda ikubebe na kurudi, namba yake ya simu naihifadhi.

Sasa hati ya uthibitisho wa bei, ile anayoituma dalali baada ya simu. Ukurasa wa kwanza huwa na anwani, saa za miadi, uzito na kiasi cha malipo, na madereva wengi huishia hapo wakatia saini. Yenye uzito yamo katika kurasa zinazofuata, kwa herufi ndogo. Humo utakuta kwamba usipowasha programu ya kufuatilia safari kwenye simu yako utakatwa kiasi fulani. Kwamba risiti ya malipo ya wapakuaji wa ghala isipotumwa ndani ya saa 24 fedha hizo hazitarudishwa. Kwamba malipo ya kusubirishwa huanza baada ya saa mbili za bure, lakini kwa sharti kwamba umtaarifu dalali kwa barua pepe nusu saa kabla ya saa hizo kwisha, na saa ya kuingia na ya kutoka ziwe zimeandikwa na kutiwa saini na mtu wa ghala kwenye hati ya mzigo. Sharti la mwisho lina ujanja wake, kwa sababu karani wa ghala ambalo limekuchelewesha hana hamu yoyote ya kutia saini ushahidi wa kukuchelewesha. Dalali mwema, ukimwomba alifute au alilegeze sharti hilo akubali kumbukumbu za mahali lori lilipokuwa kama ushahidi, hurekebisha hati na kuituma tena mara moja. Asiyefaa hujibu kwamba hati hiyo ndiyo wanayosaini wote.

Nieleze kisa kimoja kinachoonyesha tofauti. Katika ghala moja la vyakula nje ya Atlanta, miadi yangu ilikuwa saa mbili asubuhi, tela likawa mlangoni kwa wakati, na taa ya mlango ikabaki nyekundu. Saa nne, muda wa bure ulipokwisha, sikuwa nimesikia hata foklifti moja ikipanda kwenye sakafu ya tela. Mzigo ule ulikuwa wa ofisi ndogo ya Tennessee yenye watu wachache, na mama aliyenipa kazi alikuwa ameshanipigia kabla ya saa nne kuuliza kama nimeanza kupakuliwa. Nilipomjibu la, akawapigia wa ghala, akapewa majibu yaleyale ya kungoja, kisha akanitumia hati mpya yenye malipo ya dola 50 kwa kila saa ya ziada. Nilitoka saa nane mchana. Dola 200 zilikuwa zimeandikwa kabla sijafunga milango ya tela, na hakuna aliyezijadili tena. Katika ghala hilohilo, kwa mzigo wa kampuni nyingine ambayo sitaitaja, simu ilipokelewa na mtu tofauti kila nilipopiga, kila mmoja akaahidi kulifuatilia jambo, na wiki mbili baadaye nikajibiwa kwamba saa ya kutoka haikuwa na saini. Ikumbukwe kwamba kinachopotea hapo si fedha za kusubiri peke yake. Saa 14 za siku ya kazi, ambazo ndani yake dereva anaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, kwa kawaida huendelea kuhesabiwa hata gari likiwa limesimama mlangoni, hivyo mzigo wa jioni nao hupotea, na huo hakuna dalali anayeulipia.

Katika malipo yenyewe, makampuni makubwa ya udalali yanastahili sifa. Siku 30 zao huwa siku 30 kweli, na akitaka malipo ya haraka mtu huweza kulipwa ndani ya siku mbili kwa kukatwa asilimia kadhaa. Kampuni zinazonunua ankara, yaani zinazokulipa mapema kisha zikamdai dalali, hufanya kazi inayofanana kwa madalali wote, ila mara nyingi hukufunga kwa mkataba wa mwaka na hukataa kununua ankara ya dalali wasiyemwamini. Nimeanza kuuona ukataaji huo kama huduma ya bure: wao wana taarifa za walipaji wengi kuliko mimi, na wakikataa jina fulani, nami naliacha.

Jambo ambalo karibu sekta nzima ya udalali inapata alama duni ni uwazi. Kanuni ya shirikisho, kifungu cha 371.3, humtaka dalali aweke kumbukumbu za kila muamala kwa miaka mitatu, na humpa kila mhusika haki ya kuzikagua, maana yake msafirishaji anaweza kujua mwenye bidhaa alilipa kiasi gani na dalali akabaki na kiasi gani. Hata hivyo, fungua mkataba wa kampuni yoyote kubwa na kuna uwezekano mkubwa ukute kifungu kinachokutaka uikane haki hiyo. Bei zilipoporomoka mwaka 2020, madereva walipeleka malori yao Washington mwezi wa Mei kulalamikia jambo hili miongoni mwa mengine, na OOIDA, chama cha madereva wenye malori yao, kikaiomba FMCSA iifanyie kazi. Pendekezo la kubadili kanuni lilitolewa Novemba 2024. Mimi sina kinyongo na faida ya dalali, kwa kuwa naye anatafuta wateja, anapokea simu za usiku na anabeba hatari ya kutolipwa. Ninachopinga ni kuombwa nipunguze bei kwa madai kwamba mzigo hauna faida, na wakati huohuo kuzuiwa kuiona hesabu.

Udalali wa mkono wa pili, ambapo mtu huchukua mzigo kwa jina la kampuni iliyoibwa utambulisho na kuuhamishia kwako bila idhini, umeenea kiasi kwamba siku hizi sichukui mzigo wa dalali mpya bila kupiga namba ya simu iliyo katika kumbukumbu za FMCSA badala ya ile iliyo kwenye barua pepe. Ukifika kupakia na karani akakuuliza wewe ni wa kampuni gani, kisha jina lililo kwenye karatasi yake si lako, usipakie mpaka dalali aliye kwenye karatasi hiyo apigiwe.

Mwenye namba changa hatakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua. Madalali wengi humkataa aliyesajiliwa chini ya siku 90 au hata miezi sita, na ingawa sheria hutaka bima ya dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, wao hutaka milioni moja pamoja na bima ya mzigo ya dola 100,000. Katika kipindi hicho nashauri ajiandikishe kwa makampuni makubwa yanayokubali namba changa, ambayo nayapa alama tatu kati ya tano: bei ya chini, malipo ya uhakika, na hakuna mtu wa kukukumbuka. Ofisi ndogo zenye dhamana hai na sifa nzuri ya kulipa nazipa nne, na huko ndiko inakofaa kuhamia polepole, kwa kurudia njia ileile na kwa mtu yuleyule, hadi aanze kukupigia yeye kabla hajauweka mzigo kwenye bodi. Programu za simu zisizo na mtu nyuma yake nazipa mbili. Convoy ya Seattle, kampuni ya programu ya aina hiyo, iliyokuwa na Jeff Bezos na Bill Gates miongoni mwa wawekezaji wake, ilisimamisha shughuli Oktoba 2023, kwa hiyo ukubwa wa jina la mwekezaji sijauweka katika hesabu ya alama. Bei katika programu hizo huonekana wazi na mzigo huchukuliwa kwa kubonyeza mara moja, lakini likitokea tatizo ghalani unabaki ukiandikiana na mashine. Nazitumia kwa mizigo ya kurudi nyumbani siku ya Ijumaa jioni, ofisi nyingi zinapokuwa zimekwisha kufungwa.