Swichi gani ununue Kariakoo kama mtandao wa ofisi unajikokota

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta swichi mpya, yaani kile kiboksi kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo, kagua kwanza mipangilio ya vifaa ulivyonavyo. Steshenari yetu ya Ilala ilimaliza wiki mbili ikilaumu intaneti. Ping, yaani ule ujumbe mdogo wa kupima kama kompyuta zinafikiana, ilijibu vizuri na kurasa nyepesi zilifunguka, lakini faili la kadi za harusi la megabaiti 200, kutoka kompyuta ya mbele kwenda ya kuchapia, lilichukua karibu nusu saa huku mteja amekaa kwenye benchi.

Kisa chenyewe ni kwamba fundi mmoja alikuwa ameifunga mipangilio ya ile kompyuta ya mbele kwenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, fulu dupleksi (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), na swichi ikabaki kwenye otomatiki, yaani ikitegemea vifaa vikubaliane vyenyewe. Upande uliofungwa mara nyingi haujitambulishi. Swichi huweza kuitambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuijua, na kanuni inaitaka ichague hafu (kutuma na kupokea kwa zamu). Basi mmoja anaongea kama kwenye simu, mwenzake anasubiri zamu kama kwenye redio koli. Wanagongana, data inaharibika, inatumwa upya. Ping ni ndogo, hupenya katikati ya vurugu hizo, ndiyo maana hutuliza watu bure.

Rudisha otomatiki pande zote mbili. Hiyo haina gharama. Kama bado unahitaji kununua, mimi napanga hivi.

Ya kwanza ni swichi ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) yenye milango 8, yaani matundu ya kuchomekea kebo, na ukurasa wa mipangilio unaofunguka kwenye kivinjari. Bei yake iko juu kuliko ile ya kawaida, lakini inakuonyesha kila mlango umekubaliana kasi gani, dupleksi gani, na makosa mangapi yamehesabiwa. Makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika) yakipanda upande wa fulu, na migongano ya kuchelewa (inayotokea data ikiwa tayari inaendelea kutumwa) upande wa hafu, umeshampata mchawi wako. Tena ikitokea kifaa cha mtoa huduma wa intaneti kimefungwa kwenye 100 fulu na hawataki kukibadilisha, unaweza kuufunga mlango wako vivyo hivyo. Dukani uliza: "Bosi, hii inaonyesha makosa ya kila mlango?" Akisitasita, mwombe aiwashe uone mwenyewe.

Ya pili ni gigabiti ya kawaida, ile ya kuchomeka na kutumia. Kwa nyumbani au ofisi ya kompyuta nne inatosha kabisa, mradi usifunge kasi kwenye kompyuta yoyote. Gigabiti ya nyaya za shaba hutegemea otomatiki kwa kanuni yake, kwa hiyo fundi anayetaka kuizima "ili iende kasi" mkatalie.

Ya tatu ni mtumba wa maofisini. Ni mashine imara, ila feni zinapiga kelele, zinakula umeme, na mara nyingi zinakuja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani, milango mingine ikiwa imefungwa. Muuzaji aifute mbele yako irudi kama ilivyotoka kiwandani. Akishindwa, iache.

Ya mwisho ni ya megabiti 100, labda kwa mashine ya risiti na kamera mbili. Habu, kile kiboksi cha zamani kinachofanana na swichi, usichukue hata ukipewa bure, maana yote ni hafu dupleksi.

Sasa kebo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Cat 5e (daraja la kebo ya mtandao) ya shaba halisi inabeba gigabiti hadi mita 100, huna haja ya kukimbilia ghali zaidi kwa ofisi ndogo. Tatizo ni zile za alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, chuna uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitokea weupe wa fedha, rudisha boksi.

Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8. Mmoja ukilegea ndani ya plagi, mtandao unashuka hadi 100 au unakata kabisa, na lawama zote zinaiangukia swichi mpya. Kwa hiyo fundi akimaliza kubana plagi, achomeke kipima kebo. Simama naye, hesabu taa kuanzia 1 hadi 8 zikiwaka kwa mfuatano pande zote mbili, ndipo umlipe.