Fundi wa draya alibadilisha fyuzi mara mbili, nyuma ya mashine hakutazama

Draya yenyewe, ile mashine ya kukaushia nguo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kampuni ya mafundi niliyoiita, na natoa nyota moja kwa sababu sifuri haikubaliki.

Tunaishi Columbus, Ohio. Nina watoto watatu, na wakati wa baridi ukianika nguo nje zinakakamaa kama ubao, kwa hiyo draya haipumziki. Baridi iliyopita ikaanza kuzembea: taulo zinatoka mbichi, nazirudisha mara ya pili, chumba kinafuka joto mpaka dirisha linatoka jasho. Siku moja ikawa inazunguka tu, joto hakuna.

Fundi akaja, akapitiliza na viatu vyake vya theluji mpaka ndani. Akafungua kwa mbele, akapima, akasema fyuzi ya joto imeungua. Akaweka mpya, dola 165, hata nusu saa haikufika. Nikamuuliza, imeungua kwa nini? "Vitu huungua." Basi.

Wiki chache tu, ikazima tena. Akaja yule yule, fyuzi nyingine, dola 165 nyingine. Safari hii akaniambia mbele ya wanangu: "Mnashindilia nguo. Huko kwenu mlizoea kufua kwa mikono, mashine hamzijui." Jamani! Natumia draya mwaka wa tisa huu, na chujio linalonasa pamba inayotoka kwenye nguo nalisafisha kila nikimaliza kukausha. Nililipa nikanyamaza, na kule kunyamaza kunaniuma kuliko hela.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee wa Kikongo. Hakufungua kitu. Alitoka nje kwanza, akatazama kile kifuniko cha ukutani hewa inapotokea, draya ikiwa inafanya kazi. Kilitakiwa kipepee, kilikuwa kimetulia tuli. Akarudi, akachomoa umeme, akaivuta mashine. Bomba la nyuma lilikuwa lile laini la karatasi ya bati, linalokunjika kama kinanda cha mkono, limebanwa na ukuta mpaka likawa bapa. Akaanza kuvuta pamba ya nguo. Ikatoka ya kijivu, imeshikamana kama sufi ya mto wa zamani, futi kwa futi, na ndani yake soksi ya mwanangu. Upande wa karibu na mashine ilikuwa imegeuka kahawia, inanuka kuungua. Akanionyesha kiganjani: "Mama, mashine haina kosa. Haikuwa na njia ya kupumua."

Fyuzi ile ni mlinzi. Joto likizidi, inajikata ili nyumba isiungue. Huyu bwana alikuta mlinzi amekufa akaweka mwingine, akamkuta naye amekufa akaweka wa tatu, hakuuliza nani anawaua! Idara ya moto ya serikali ya Marekani ilikadiria moto 2,900 wa draya majumbani kila mwaka kati ya 2008 na 2010, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha. Mimi nimeyajua baadaye. Yeye ndiyo kazi yake.

Sasa tumeweka bomba gumu la chuma, fupi, halijabanwa. Chujio nalisugua pia kwa sabuni na mswaki, maana vile vitambaa vya manukato vinavyotiwa kwenye draya pamoja na nguo huacha utando. Ukimwagia maji yakatuama juu yake, ujue limeziba. Na siiwashi tena tukiwa tunalala. Taulo zinakauka mara moja.

Nikiri jambo: dada anayepokea simu pale kampuni alinisikiliza, akaomba radhi, akanirudishia dola 165 za mara ya pili. Kwa ajili yake nilitaka kupandisha ziwe nyota mbili. Lakini nikikumbuka ile kahawia, na chumba cha watoto kipo juu ya draya, hapana. Moja. Nilipomuuliza kama yule fundi bado anatumwa kwa watu, akasema ndiyo, ratiba yake imejaa.

Lile bomba la zamani sijalitupa. Lipo gereji, na pamba yake ndani ya mfuko. Meneja wao akitaka kuliona, anikute nyumbani jioni yoyote.