Saa ya Triathloni: Kabla ya Kulipa, Uliza Kama Itakupa Faili Lako

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Dar es Salaam wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia yanafanana mno: mtu amebadilisha saa, na kumbukumbu za mazoezi yake ya miaka zimebaki ndani ya programu isiyompa chochote zaidi ya grafu za kutazama. Kwa sababu hiyo sitazungumzia uzuri wa kioo wala siku ambazo betri hudumu, kwani hayo muuzaji atakueleza hata bila kuulizwa. Kigezo changu ni kimoja: je, saa inakukabidhi faili kamili la kila zoezi?

Mafaili ya mazoezi huja kwa miundo kadhaa, na wa kudai ni FIT. Muundo mwingine, GPX, hubeba njia uliyopita, muda na mwinuko, na mara nyingi huishia hapo, ilhali FIT huhifadhi pia mapigo ya moyo, nguvu ya pedali na idadi ya mikono uliyopiga majini. Zaidi ya hayo, huweza kuliweka shindano zima katika faili moja, yaani kuogelea, badiliko la kwanza (muda wa kutoka majini hadi kupanda baiskeli), baiskeli, badiliko la pili na mbio. Katika shindano la kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia, muda unaopotea ukihangaika na viatu na kofia ndio ulio rahisi kuupunguza, lakini huwezi kuupunguza usipouona. Strava, mtandao wa kijamii wa wanamichezo, hulipokea shindano hilo na kulikatakata vipande. Ni baraza zuri la kutambiana, ila usiifanye ghala.

Nafasi ya kwanza naipa Garmin, na upendeleo wangu siufichi. Forerunner 255, iliyotoka Juni 2022, ina mfumo wa triathloni na vitufe vitano, haina kioo cha kugusa, nami nashukuru kwa hilo. Ukitoka baharini pale Coco Beach vidole vikichuruzika maji ya chumvi, unabonyeza kitufe cha chini kulia na hesabu ya badiliko inaanza papo hapo. Ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya, utakuta folda ya GARMIN, na ndani yake folda ya Activity yenye mafaili yako. Julai 2020, shambulio la kimtandao lilipozima Garmin Connect, huduma ya mtandaoni inayopokea mazoezi ya saa hizo, kwa siku kadhaa, walioijua folda hiyo waliendelea kuchukua takwimu zao kama kawaida. Forerunner 55 iache, kwani haina mfumo wa triathloni.

Coros Pace 3 ya mwaka 2023 inafuata kwa karibu. Nayo hutoa FIT, lakini ni lazima mazoezi yapitie kwanza kwenye programu yake ya simu, na hilo tu ndilo lililoishusha. Apple Watch imekuwa na mfumo wa michezo mingi tangu watchOS 9, programu endeshi yake ya mwaka 2022. Hata hivyo, programu yake ya afya hukutolea rundo moja kubwa la XML, yaani maandishi ya kompyuta, ambalo bila programu nyingine halina msaada. Zile za bei rahisi za Kariakoo zinazoazima GPS ya simu hazimfai mtu anayeiacha simu ufukweni.

Sasa bei. Forerunner 255 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 349.99 na Pace 3 kwa dola 229. Naelewa kwamba kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, lakini sielewi kwa nini muuzaji anitajie bei kwa dola kwenye WhatsApp, wakati kanuni za Machi 2025 zimekataza jambo hilo, kisha anibadilishie kwa kiwango alichojipangia mwenyewe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukiiomba, bei inapanda tena. Waranti nayo huandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya duka, bila namba ya saa wala tarehe. Wengine huuza saa iliyotumika kwa jina la mpya, ikiwa bado imeunganishwa na akaunti ya mmiliki wa awali.

Nenda dukani na kompyuta ndogo. Washa saa, tembea nayo nje dakika chache, hifadhi zoezi, kisha ulitafute faili lake mbele ya muuzaji. Akikwambia utafanya hayo nyumbani baada ya kulipa, mrudishie saa yake.