Mizizi ya likorisi kwa tumbo: vijiti, vipande, unga au vidonge?

Likorisi huuzwa kwa sura nyingi, na lebo karibu zote huahidi jambo lile lile: kutuliza kiungulia, gesi na tumbo kujaa. Yaliyomo ndani ndiyo hayalingani. Mzizi wa Glycyrrhiza glabra una glisirizini, kitu kinachoishinda sukari kwa utamu zaidi ya mara 30, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya mzizi na mzizi. Kitu hicho hicho kitamu ndicho kinachopandisha presha. Kwa hiyo kila aina hapa imepimwa kwa swali moja: mnunuzi anaweza kujua ametumia kiasi gani?

Vijiti vizima vinapendeza machoni, lakini swali hilo linaviangusha. Si kwamba ni vibovu. Kijiti kizuri kina gome la kahawia, na ukikivunja unakuta manjano yenye nyuzi nyuzi. Ukikitafuna utamu hauji papo hapo. Huchelewa kidogo, kisha hung'ang'ania nyuma ya ulimi muda mrefu. Chenye rangi ya kijivu ndani, matundu ya wadudu au harufu ya uvundo ni cha kutupa. Tatizo ni uzito: kijiti kinene cha urefu wa kidole huweza kupita gramu 5. Mtu anakitumbukiza kwenye sufuria, anakichemsha nusu saa, anakunywa, anaongeza maji na kuchemsha tena. Kufika jioni amekunywa mzizi wote na bado anahesabu kuwa ni "kijiti kimoja tu".

Vipande vikavu vilivyokatwakatwa ndivyo tunavyovipa alama za juu kwa chai. Wakala wa Dawa wa Ulaya, unaoyachukulia matumizi haya kama tiba ya jadi, unataja gramu 1.5 hadi 2 kwa mililita 150 za maji yanayochemka, mara 2 hadi 4 kwa siku baada ya kula, kwa watu wazima, na si zaidi ya wiki 4. Pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja au chini yake. Kijiko hudanganya, kwa kuwa vipande vikubwa huacha nafasi na vidogo hujibana. Mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika kikombe, subiri dakika 10 hadi 15, kisha chuja. Usiweke sukari; ukiona inahitajika, mizizi yako imepoteza utamu zamani. Ukitaka kuihakiki, tia chai iliyopoa kwenye chupa, funga na utikise: glisirizini hutoa povu linalokaa. Povu likizimika mara moja, una maji ya rangi tu.

Sasa hesabu. Mzizi wenye glisirizini asilimia 5, ukichukua gramu 2, una miligramu 100, na hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya wamekiweka kuwa cha juu kwa mtu kwa siku kwa matumizi ya kawaida. Maji hayatoi chote kilichomo, lakini vikombe vinne vinakupitisha mpaka huo bila taabu. Ushauri wetu ni vikombe viwili kwa siku, na kama wiki mbili zimepita bila nafuu, acha.

Unga hatuupendekezi. Ukishasagwa, hakuna jicho linaloweza kutofautisha mzizi na wanga uliochanganywa humo; hushika unyevu na kuganda mabonge; na kwa kuwa unamezwa wote, kila kilichomo kinaingia mwilini. Kijiko cha chai kilichojaa pomoni kinaweza kubeba gramu 3 na zaidi.

Vidonge vyenye alama ya DGL ni habari nyingine kabisa. Hivi vimeondolewa sehemu kubwa ya glisirizini, kwa hiyo hatari ya presha hushuka sana, na kidonge cha miligramu 400 hivi kina kipimo kinachojulikana. Hutafunwa taratibu hadi kiyeyuke kwa mate, dakika 20 hivi kabla ya kula. Kosa la wengi ni kukimeza kizima kama kidonge cha maumivu, kisha wanalalamika hakifanyi kazi. Kosa jingine ni la watengenezaji: baadhi hutumia sorbitoli au manitoli kuleta ladha, na hizo kwa watu wengi huzalisha gesi. Mtu ananunua dawa ya tumbo kujaa na kupata tumbo kujaa. Ushahidi wa DGL wenyewe ni mdogo, lakini kwa mwenye kiungulia cha mara kwa mara hii ndiyo aina tungeanza nayo.

Kwenye chai za mchanganyiko, soma lebo hadi mstari wa mwisho. Likorisi hutumika sana kuficha uchungu wa majani ya sena, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Mnanaa nao hulegeza mlango kati ya umio na tumbo, ukamzidishia mwenye kiungulia. Peremende nyeusi zisikushughulishe: nyingi zina ladha ya anisi tu, na zenye likorisi ya kweli zina madhara yake yote.

Madhara yenyewe huanzia kwenye figo. Likorisi huzuia kimeng'enya kinachoidhibiti homoni ya kortisoli, nayo kortisoli ikaanza kufanya kazi ya homoni nyingine, aldosteroni: chumvi inabaki mwilini, potasiamu inatoka. Dalili ni miguu kuvimba, kichwa kuuma, misuli kulegea, moyo kupiga bila mpangilio. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini asiiguse likorisi yenye glisirizini, wala mjamzito. Vivyo hivyo anayetumia dawa za presha, za kupunguza maji mwilini, digoksini, steroidi au warfarini. Hata dawa ya vidonda vya tumbo iliyotengenezwa kutokana na likorisi, kabenoksoloni, ilikuwa na kasoro hiyo hiyo ya kubakiza chumvi na kupoteza potasiamu.

Vidonda vya tumbo vinavyotokana na bakteria wa Helicobacter pylori vinahitaji antibiotiki; chai hii haichukui nafasi yake. Na choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni au kukonda bila sababu ni vya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, si vya kuongezewa kikombe.